Betri Iliyovimba na Maboksi Yasiyoisha

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tangu tuanze kununua vitu kwa simu, pipa letu linajaa maboksi na nailoni kabla hata siku ya taka haijafika. Sasa mume wangu anataka kutupa humo simu mbovu ambayo betri yake imevimba hadi kifuniko kimebenuka. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mumeo asithubutu. Hiyo ni betri ya lithiamu. Ikibanwa ndani ya gari la taka inaweza kulipuka na kuwasha mzigo mzima. Msiitoboe, msiichaji. Iwekeni kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga mkavu, mbali na mapazia na watoto, kisha ulizeni mafundi simu ni nani anayepokea vifaa vya umeme vilivyochakaa. Hamko peke yenu: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za aina hii, na chini ya robo ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Maboksi ni kazi ndogo. Bandueni selotepu, yakunjeni, yasilowe wala kupata mafuta. Ila karatasi yenye jina na namba yako ya simu ichane kwanza. Wapekuzi wa mapipa nao wanajua kusoma. Na mkiagiza vitu kwa pamoja, badala ya kimoja kimoja usiku mkiwa kitandani (nawajua!), maboksi yenyewe yatapungua.