Maksi nzuri, ila chupa ya friji imemshinda

SWALI: Habari mwalimu, mwanangu yuko darasa la nne hapa Dar, sayansi anafaulu vizuri tu, "mvuke ukipoa unageuka maji" anaitaja kama wimbo. Juzi nimetoa chupa ya maji kwenye friji, kukaa mezani kidogo ikaanza kutoka jasho, nikamuuliza hayo maji yametoka wapi, eti yamevuja kutoka ndani! Kumwambia siyo, kanuna. Nimtafutie tuisheni? – Mama wa Temeke

JIBU: Dada, tuisheni acha kwanza, huko atakaririshwa sentensi ileile. Halafu jibu lake wala si la kijinga, ndani kuna maji, nje kuna maji, yeye kaunganisha. Mvuke uliomo hewani hajawahi kuuona kwa macho, sasa aukumbuke vipi?

Fanya hivi. Jaza juisi ya rozela kwenye chupa mbili za plastiki zinazofanana, funga vifuniko kabisa, moja ilale kwenye friji nyingine ikae kabatini. Asubuhi kabla hujazitoa mwambie aandike anadhani itakuwaje, na aandike kweli, maana watoto wakishaona matokeo wanasema "nilijua." Ziweke pamoja mezani. Ya kabatini itabaki kavu, sasa kama plastiki inavuja mbona hii haivuji? Ile ya baridi aifute na tishu nyeupe aangalie rangi. Hakuna wekundu wowote, maji matupu.

Mpwa wangu hapo alinibishia, "plastiki imechuja rangi." Nilicheka lakini nikamheshimu, hiyo ndo sayansi yenyewe bwana. Tukaazima mzani wa dijitali wa jirani anayepika keki, chupa ikatoka kwenye friji ikapimwa ikiwa kavu, tukaiacha kama nusu saa bila kuifuta, kupima tena uzito umeongezeka gramu kadhaa. Ingekuwa inavuja uzito ungebaki uleule, maji yamehama tu upande. Alikaa kimya akiutazama mzani, mwisho akasema "kwa hiyo yametoka hewani?" Mimi sikuwa nimelitaja neno hewa.

Dar mna bahati, hewa ya pwani ina mvuke mwingi, chupa inalowa haraka. Dodoma mwezi wa nane mngesubiri sana.

Akishaelewa usimpe maelezo marefu, siku ya mvua mkiwa kwenye daladala madirisha yamefungwa muulize ule ukungu wa kwenye kioo uko upande gani, wa ndani au wa nje, na kwa nini.