Maswali ya Wasomaji: Puerto Viejo na Wimbi la Mchuzi Mkali

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya kijana aliyesimama juu ya ubao ndani ya wimbi lililojikunja, na chini yake tukaandika tu kwamba picha hiyo ilipigwa Puerto Viejo de Talamanca, mji mdogo wa pwani ya Karibi nchini Costa Rica. Mstari huo mmoja haukuwatosha wasomaji, na barua zilizotufikia ni nyingi kuliko kurasa tulizo nazo. Nimechagua nne, na kwa kuwa niliwahi kukaa katika mji huo, nitajibu kwa niliyoyaona na niliyoyasoma.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa Paje, Unguja, na kazi yangu ni kuwafundisha wageni mchezo wa kaiti, yaani kuteleza majini kwa ubao unaovutwa na tiara. Bahari yetu ni kubwa kuliko ya Karibi. Kwa nini basi hatuna wimbi kama lile mbele ya kijiji chetu? Na mtu wa ufundi kama wangu anaweza kwenda kulijaribu?*

Marahaba, mwanangu. Tofauti haipo katika ukubwa wa bahari, ipo chini ya maji. Kwenu Paje mwamba wa matumbawe umekaa mbali na ufukwe, nawe unauona kila siku ule mstari mweupe wa povu huko nje: mawimbi ya Bahari ya Hindi huvunjikia pale, na yanapofika kwenu yamekwisha nguvu, ndiyo maana mna uwanja mpana wa maji matulivu unaofaa kwa kaiti. Puerto Viejo mwamba umekaa karibu kabisa na nyumba, na nje yake kina kinashuka ghafla. Wimbi linalotoka bahari kuu halipati mahali pa kupunguza mwendo. Linagonga mwamba, linainuka kwa pamoja, mdomo wake unatangulia mbele, na nyuma ya mdomo huo linabaki pango la maji ambamo mchezaji hupita ikiwa amewahi, au huangukia juu ya mawe ikiwa amechelewa. Wenyeji wameliita Salsa Brava, maneno ya Kihispania yenye maana ya mchuzi mkali, nalo huhesabiwa kuwa miongoni mwa mawimbi yenye nguvu zaidi katika nchi nzima.

Nilikuwa nikilitazama asubuhi kutoka chini ya mikungu iliyoota ukingoni mwa maji. Ukisimama hapo unasikia kwanza kimya kifupi, pale wimbi linapoyavuta maji yote yaliyo juu ya mwamba, kisha ndipo kishindo kinafuata. Katika kimya hicho rangi ya bahari hugeuka kutoka buluu kuwa ya kahawia, kwa sababu mwamba wenyewe unaonekana.

Msimu wake mkubwa ni kuanzia Disemba hadi Machi, wakati pepo za kutoka kaskazini-mashariki zinapovuma kwa nguvu na kwa siku nyingi mfululizo juu ya Karibi na kuyasukuma mawimbi kuelekea kona ile ya kusini-magharibi. Upo msimu mwingine mfupi katikati ya mwaka, kwenye Juni na Julai. Septemba na Oktoba bahari hulala, na mtu asiyejua historia ya mahali hapo anaweza kuoga akadhani ni bwawa.

Jambo litakalokushangaza wewe uliyezaliwa Paje ni maji kujaa na kupwa. Sisi tumezoea bamvua ambapo bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kina mama hutembea mbali kufuata mashamba ya mwani. Kule tofauti kati ya maji ya kujaa na ya kupwa haifiki hata nusu mita. Maana yake ni kwamba hakuna saa ambayo mwamba unafunikwa na maji mengi ya kukuokoa ukianguka, na ujuzi wetu wa kuhesabu mwezi ili kujua hali ya maji hautakusaidia sana.

Kuhusu kujaribu, nitasema wazi kwamba usianzie hapo. Kaiti imekufundisha kusimama na kusoma upepo, lakini haikukufundisha kuingia katika wimbi linaloinuka ghafla, wala kusubiri zamu yako miongoni mwa vijana waliolichezea tangu utotoni na wanaostahili heshima ya mwenye nyumba. Nenda kwanza Playa Cocles, mwendo mfupi kwa baiskeli upande wa kusini, ambako chini ni mchanga. Hata huko kuna mikondo inayomvuta mtu kuelekea baharini, kwa hiyo ogelea mahali walipo walinzi wa ufukwe na uzitii bendera zao. Mkondo ukikushika usishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea nchi kavu. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi. Na matumbawe yakikukata, osha jeraha hapo hapo kwa maji safi na sabuni, kwa sababu vipande vidogo hubaki ndani ya nyama na jeraha hutunga usaha.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama lishe wa Tanga. Jirani yangu aliyewahi kufanya kazi melini ananiambia kwamba watu wa pwani hiyo wanakula wali wa nazi na maharage. Je, ni kweli, na walijifunza kwetu?*

Ni kweli, dada yangu. Chakula hicho hupikwa karibu kila nyumba ya watu weusi wa pwani ya Limón, mkoa ulimo mji huo, hasa mwisho wa juma, nao wanakiita kwa jina lake la Kiingereza, rice and beans, hata wanapozungumza Kihispania. Tofauti yake na chetu ni kwamba wali na maharage huivia katika chungu kimoja. Maharage mekundu huchemshwa mpaka yakaribie kuiva, kisha hutiwa tui, kitunguu saumu na vijiti vya majani ya thaimu, ndipo mchele unapoingia. Juu kabisa, mpishi huweka pilipili mbuzi moja nzima, bila kuipasua, na kabla ya kupakua huiondoa kwa kijiko taratibu kama mtu anayebeba yai. Wali hupata harufu yote ya pilipili ile bila ukali wake. Nilimwona mama mmoja akikaripia kijana aliyekoroga chungu akaipasua, na chakula cha siku hiyo kililiwa na wachache.

Utakuta pia supu nzito ya samaki na tui iitwayo rondón, yenye viazi vikuu, muhogo, ndizi mbichi na shelisheli, pamoja na kinywaji cha tangawizi, ndimu na sukari guru ambacho jina lake, agua de sapo, maana yake ni maji ya chura.

Lakini hawakujifunza kwetu. Mababu wa wengi wao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi hadi visiwa vya Karibi, na vizazi vya baadaye vikafika Costa Rica. Kinachotuunganisha ni mnazi wenyewe. Wachunguzi wa nasaba za mimea wameonyesha kwamba minazi ya upande wa Atlantiki ni ya ukoo wa minazi ya Bahari ya Hindi, ambayo Wareno waliibeba katika merikebu zao wakizunguka kusini mwa Afrika. Shelisheli nalo lilitoka mbali, Bahari ya Pasifiki, likapandwa Jamaika mwaka 1793 kwa amri ya Waingereza waliotafuta chakula cha bei ndogo cha kuwalisha watumwa. Tui unalokamua Tanga na lile linalokamuliwa Puerto Viejo ni ya jamaa moja, ila safari zake hazikufanana.

*Mhariri, nakusalimu kutoka Lamu. Mimi ni mzee wa miaka mingi na nimeona yaliyotupata katika mambo ya viwanja vya ufukweni. Swali langu ni moja: wenyeji wa mji huo ni akina nani, na je, ardhi bado ni yao?*

Salamu zako zimefika, mzee wangu, na swali lako ndilo lililonikalia moyoni tangu niliporudi, kwa hiyo utanivumilia nikilijibu kwa urefu.

Wenyeji wa kwanza kabisa ni Wabribri, ambao wamekuwa katika milima na mabonde ya Talamanca tangu kabla ya Wahispania. Kwao ukoo hufuata mama, na kakao ni kinywaji cha ibada na heshima. Sehemu ya ardhi yao, iitwayo Kéköldi, iko nyuma tu ya mji, ambako milima inakaribia bahari.

Wa pili ni wavuvi weusi wa kasa waliotoka upande wa Bocas del Toro, ambao leo ni Panama, katika karne ya 19. Walikuja kwa msimu, wakajenga vibanda, wakapanda minazi ili msimu ujao wapate cha kunywa, na mwishowe wakakaa. Kijiji jirani cha Cahuita huhesabu mwanzo wake kuanzia mwaka 1828. Mji tunaouzungumzia wao waliuita Old Harbour, yaani bandari ya zamani, na jina la Kihispania ni tafsiri tu iliyokuja baadaye. Kisha wakafika Wajamaika wengi kujenga reli ya kutoka mji wa bandari wa Limón hadi nyanda za juu, iliyoanza mwaka 1871 na kukamilika mwaka 1890, na baada yake kazi ya mashamba ya ndizi ya kampuni ya United Fruit, iliyoundwa mwaka 1899. Kampuni hiyo ilipohamishia mashamba yake upande wa Pasifiki katika miaka ya 1930, mkataba uliopitishwa na serikali mwaka 1934 ulikataza kuajiri watu weusi huko. Waliachwa pwani bila kazi, na wengi wao hata uraia hawakuwa nao, ingawa walizaliwa hapo. Ni baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1948 na katiba ya mwaka 1949 ndipo mlango wa uraia ulipofunguka kwao.

Walichobaki nacho ni kakao, na kakao iliwalisha na kuwasomeshea watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia ugonjwa wa kuvu uitwao monilia. Nilionyeshwa tunda lililoshikwa nao: kwa nje lina madoa ya kahawia yaliyofunikwa na unga mweupe kama wa sembe, na likipasuliwa, mbegu zote ndani zimeshikamana na kuoza. Ukilitikisa tu, unga ule unapeperuka kwenda kwenye mti wa jirani. Kwa miaka michache mashamba ya familia nzima nzima yalikuwa hayana mavuno.

Naomba utazame mpangilio wa matukio, mzee wangu, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu. Mwaka 1977, karibu na wakati uleule kakao ilipoanza kufa, nchi ilipitisha sheria ya ukanda wa pwani, inayosema kwamba mita 200 kutoka alama ya maji ya kujaa ni mali ya umma: mita 50 za kwanza asijenge mtu, na mita 150 zinazofuata zitumike kwa kibali cha halmashauri. Sheria hiyo ina wema ndani yake, kwa kuwa inamzuia tajiri kuufunga ufukwe. Lakini mji wa wavuvi hujengwa wapi, kama si ukingoni mwa maji? Watu ambao babu zao walijenga hapo zaidi ya miaka 100 kabla yake walijikuta wakiitwa wavamizi, na kwa miongo kadhaa familia za Puerto Viejo na Cahuita zimeishi chini ya vitisho vya kubomolewa. Wakati huohuo barabara ikafika, umeme ukafuata, wachezaji wa mawimbi wakaleta habari za Salsa Brava kwa ulimwengu, na wageni wenye fedha wakawakuta wakulima wasio na mazao, wenye madeni, na wenye mashamba ya nyuma ya ufukwe ambayo yangeweza kuuzwa. Juu ya hayo, tarehe 22 Aprili 1991 tetemeko kubwa liliipiga pwani hiyo, likaharibu madaraja na barabara, na kuinua mwamba mahali pengine zaidi ya mita moja, hata matumbawe yakabaki nje ya maji na kufa juani.

Kwa hiyo, sehemu ya ardhi bado ni yao, na sehemu kubwa ya hoteli si yao. Siwezi kulisema hili bila uchungu, maana mtu aliyeuza shamba kwa sababu ya kuvu mara nyingi ndiye baba wa kijana anayefagia ua wa hoteli iliyojengwa juu ya shamba hilo.

Hata hivyo nisikuache na huzuni tupu. Cahuita ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1978, na serikali ilipopandisha ghafla kiingilio cha wageni mwaka 1994, watu wa kijiji walilishika lango wenyewe na kuwaingiza wageni kwa mchango wa hiari. Serikali haikuwafukuza, ilikaa nao mezani, na hifadhi ikaja kusimamiwa kwa ubia. Mpaka leo kwenye lango la upande wa kijiji mgeni hutoa anachoweza, na anayempokea mara nyingi ni mtoto wa hapo hapo.

*Mpendwa Mhariri, mimi ni Mkenya ninayeishi Toronto. Tunafikiria kwenda huko na watoto wadogo mwezi Disemba. Unashauri nini?*

Disemba ni mwezi wa mawimbi na wa mvua pia. Kwa watoto wadogo chagueni Septemba au Oktoba, bahari inapotulia. Basi la kutoka San José, mji mkuu, huchukua saa nne au tano, likipitia Limón. Mkifika kodini baiskeli, kwa sababu barabara ya kutoka mjini kwenda Punta Uva na Manzanillo ni tambarare, na Punta Uva ndiko penye maji yanayofaa watoto. Msilipie nyumba kwa kuangalia picha tu. Mimi nililipa mapema, nikafika nikakuta kiwanja chenye majani. Ulizeni nyumba za kulala zinazoendeshwa na familia za hapo, na kuleni kwa kina mama wanaopika wenyewe, kabla ya saa saba mchana, chungu hakijaisha.