Nasoma uhusiano wa kimataifa, maina ya uchumi na biashara itanifaa?

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko mwaka wa pili chuo, nasoma uhusiano wa kimataifa na muhula ujao lazima nichague maina, yaani fani ndogo ya pembeni ya digrii. Navutiwa na uchumi na biashara ila hesabu zinanitisha, alafu wenzangu wengi wanaenda lugha au sheria wananiambia napotea, mwanadiplomasia na biashara wapi na wapi. Nyumbani nao wanasema biashara ndo ina ajira. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ichukue, ila sio kwa hilo la ajira peke yake. Bila uchumi kuna mambo ya fani yako mwenyewe utakuwa unayaelewa nusunusu.

Angalia vikwazo vya Urusi. Baada ya kuivamia Ukraine Februari 2022, nchi za Magharibi zilizuia akiba ya benki kuu yake, kama dola bilioni 300 hivi. Darasani kwenu mtajadili nani kakubali, nani kasita, sheria gani imetumika. Sawa, lakini akiba ya nchi nyingine unaizuiaje? Kumbe akiba ya fedha za kigeni haikai yote kwenye sefu nyumbani, nyingi ni hatifungani (hati za kuikopesha serikali) za serikali za nje na amana kwenye benki za nje, kwa hiyo anayeshika daftari akigoma kuhamisha basi huna cha kutumia. Ruble ikaporomoka, benki kuu ikapandisha riba toka asilimia 9.5 hadi 20 na watu wakabanwa wasipeleke fedha nje ya nchi ovyo, miezi michache baadae ruble ikapanda tena na wengi wakasema eti vikwazo vimefeli. Aliyesoma urari wa malipo, yaani hesabu ya fedha zinazoingia na kutoka nchini, hakimbilii kusema hivyo maana anajua mafuta na gesi vilikuwa bado vinauzwa, tena kwa bei kubwa, wakati manunuzi kutoka nje yameanguka, yaani fedha za kigeni zinaingia na pa kuzitumia hakuna, sarafu itaachaje kupanda? Na sarafu kupanda hakukwambii kama viwanda vinapata vipuri.

Au madeni. Zambia ilishindwa kulipa riba ya hatifungani yake, dola milioni 42.5, Novemba 2020, na makubaliano na serikali zinazoidai yakapatikana Juni 2023. Muda wote huo kuna China, kuna nchi za Paris Club (kundi la nchi zinazokopesha nchi nyingine), kuna wawekezaji binafsi, na kila mmoja anataka uhakika kwamba mwenzake naye anaumia kama yeye. Sasa huyu anakubali kurefusha muda, yule anapunguza riba, mwingine anakata deni lenyewe, nani katoa zaidi? Hujui mpaka upige thamani ya leo ya fedha zitakazolipwa miaka ijayo, na hiyo ni hesabu ya mwanzoni kabisa kwenye somo la fedha. Mtu wa siasa asiyeijua anakaa mezani anasubiri kuambiwa.

Ila kabla hujajaza fomu fungua orodha ya kozi zenyewe, maana jina la maina linaweza kukudanganya. Ukikuta imejaa masoko, rasilimali watu na ujasiriamali, hiyo ni maina ya biashara tu, sio mbaya ila haikupi nilichokueleza hapo juu. Tafuta maikro (uchumi wa mtu na kampuni), makro (uchumi wa nchi nzima), biashara ya kimataifa, takwimu, na uhasibu kidogo ili uweze kusoma mizania, yaani hesabu ya mali na madeni.

Kuhusu hesabu, maikro na makro za mwanzo ni grafu, asilimia na milinganyo midogo, utaziweza. Takwimu ndo itakutoa jasho lakini ndo utakayoitumia zaidi, kwa hiyo usiiweke muhula mmoja na kozi nyingine ngumu.

Wenzako wa lugha hawajakosea. Lugha ni muhimu sana kwenye kazi yenu, ila unaweza kuendelea nayo nje ya darasa kwa miaka, takwimu wachache sana wanajifundisha wenyewe wakaimaliza. Na kama moyo wako uko kwenye wakimbizi, haki za binadamu au mikataba, hapo kwa kweli nenda sheria, nisikuvute huku.

Kitu kingine muulize mratibu wa idara mapema: kozi gani zinatakiwa kutangulia, na je baadhi zinaweza kuhesabika kama kozi za hiari kwenye digrii yako? Na kama una ndoto ya masters ya uchumi mwambie sasa hivi, maina peke yake mara nyingi haitoshi, utahitaji kuongeza kozi za hesabu na ni bora uzipange kuanzia mwaka huu.