Mauzo yapo, stoo haijapungua

Swali: Ugonile kaka. Nimeandika mfumo wa duka la mchele kwa PHP na MySQL. Stoo moja iko Mwanjelwa, nyingine Uyole. Nina fanksheni tatu: inayoandika mauzo, inayopunguza stoo na inayoongeza deni la mteja. Kila moja inaanza muamala (transaction) wake na kuufunga yenyewe. Umeme ukikatika nakuta mauzo yapo ila stoo haijapungua. Na juzi mchele wa Kyela ulisoma -3. Nimekosea wapi? *Msomaji, Mbeya*

Jibu: Nimelala salama, ndugu yangu. Una matatizo mawili hapo, na muamala unatibu moja tu.

La kwanza ni umeme. Kwa mteja, kununua gunia ni tendo moja. Wewe umelikata vipande vitatu, na kila kipande kina COMMIT yake, yaani amri ya kuthibitisha na kuhifadhi moja kwa moja. Umeme ukikatika baada ya cha kwanza, kanzidata haina kosa: uliiambia mauzo yamekwisha, ikakuamini. Ondoa mwanzo na mwisho wa muamala ndani ya zile fanksheni tatu, uviweke kwa anayeziita, yaani pale karani anapobonyeza "Uza":

    $db->beginTransaction();
    try {
        andikaMauzo($db, ...);
        punguzaStoo($db, ...);
        ongezaDeni($db, ...);
        $db->commit();
    } catch (Throwable $e) {
        $db->rollBack();
        throw $e;
    }

Hiyo `throw` ya mwisho usiifute. Nimeona misimbo mingi inayomeza hitilafu kimya kimya, halafu karani anaandikiwa "Umefanikiwa". Pia fanksheni zote zitumie `$db` ileile. Fanksheni ikifungua muunganisho wake yenyewe, iko nje ya muamala.

Kagua na majedwali yako. Tangu MySQL 5.5 ya mwaka 2010 jedwali jipya huwa la InnoDB, injini ya kuhifadhi data inayokubali miamala, lakini lililonakiliwa kutoka mfumo wa zamani linaweza kuwa bado la MyISAM, injini isiyojua miamala. Hilo hupokea ROLLBACK (amri ya kurudisha nyuma) bila kugoma, na halirudishi kitu.

Sasa hiyo -3. Tuseme stoo ina magunia 5. Karani wa kwanza anasoma 5, wa pili naye anasoma 5. Kila mmoja anauza 4, PHP inaona yanatosha, inapunguza. 5 toa 4 toa 4. Kuizungushia muamala SELECT hiyo (amri ya kusoma) hakusaidii, kwa sababu SELECT ya kawaida haimzuii mwenzako. Sharti liweke ndani ya amri yenyewe:

    UPDATE stoo SET magunia = magunia - 4
    WHERE id = 12 AND magunia >= 4;

Kisha uliza `rowCount()`, yaani mistari mingapi imebadilishwa. Ikiwa 0, magunia hayatoshi. Tupa hitilafu, na mauzo yaliyokwisha kuandikwa yarudi nyuma. Kama ni lazima usome kwanza ndipo uamue, tumia SELECT ... FOR UPDATE, inayosoma mstari na kuufunga, ujue tu kwamba mwenzako atangoja hadi umalize.

Hapo kwenye kungoja ndipo nilipoungua mimi. Kwenye mfumo wa wakulima wa viazi niliweka kutuma SMS ndani ya muamala. Siku mtandao ulipolegea, mstari wa stoo ukabaki umefungwa. Makarani wengine wakangoja sekunde 50, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha InnoDB, kisha wakapata kosa 1205 (muda wa kungoja umeisha). Mmoja akanipigia simu akidhani nimemfungia akaunti kwa sababu ya deni lake! SMS, risiti na maombi ya malipo ya simu vikae baada ya COMMIT.

Ukianza kuhamisha magunia kati ya Mwanjelwa na Uyole, utakutana na kosa 1213 (deadlock, yaani kukwamishana): huyu kashika stoo ya kwanza anaitaka ya pili, yule kashika ya pili anaitaka ya kwanza. Gusa stoo kwa mpangilio wa id siku zote, hata mzigo ukielekea upande gani. Likitokea bado, MySQL imeshaurudisha nyuma muamala mzima wa mmoja wao, kwa hiyo rudia wote tangu beginTransaction, mara 3 hivi, kabla ya kumsumbua karani.