Kama mnaishi kwa proje, fungueni kwanza daftari ya komptable

Siku moja niliingia mu biro yetu ya zamani pale Himbi, mtaa wa Goma, nikakuta plan stratejiki yetu chini ya mguu wa meza ya imprimante, juu meza ilikuwa inacheza. Kurasa arobaini, picha ya ziwa mbele, siku tatu tulikaa otelini na konsultan tukibandika makaratasi ya rangi ukutani. Sikukasirika hata. Ile njo ilikuwa kazi ya kwanza ile plan imefanya tangu tuichape.

Naandika hivi juu wadogo zangu wengi hapa Goma wanafungua ba asosiasio na wananiuliza stratejia inaandikwaje. Andikeni tu, sikatazi, wafadhili wanaiomba mu dosie. Lakini ONG, shirika lisilo la serikali, yenye kuishi kwa proje haiishi mule. Inaishi mu vitu vidogo: apeli gani, yaani tangazo la mfadhili la kuomba proje, mumejibu na ipi mumeacha ipite, nani mumembakiza proje ikiisha, na sentineli, mlinzi wa biro, analipwa na nani.

Sisi kazi yetu ilikuwa maji. Mwenye kujua upande wa volkano ya Nyiragongo anajua shida, chini ni lava, mvua inanyesha vizuri lakini maji yanazama mu mawe, watu wanategemea paa na tanki. Tulijua mabati, mifereji, semeti, na tulijua hata kamiti gani inakula feza ya matengenezo. Proje zetu zilikuwa za miezi sita, mwaka ikizidi, na kati ya moja na ingine kulikuwa shimo. Hilo shimo njo linaharibu akili za watu.

Mama Komptable, mhasibu wetu, alikuwa na daftari ya miraba, ile watoto wa shule wanafanyia hesabu. Miezi ameandika juu, proje pembeni, na chini kabisa misitari mitatu: nyumba, sentineli, intaneti. Mwezi wenye wa kuulipia anapaka bic ya bluu, mwezi usio na mtu anapaka nyekundu. Siku moja tuko mu mkutano tunapiga makofi juu tumeshinda proje, akafungua ile daftari polepole, akamuuliza Kordo, kordinateri wetu.

"Kordo, mu mwezi ya sita nani atalipa sentineli?"

"Mama, Mungu iko."

"Mungu iko, na sentineli naye iko."

Hapo mjue hesabu yenyewe. Umoja wa Ulaya kwa kawaida unaacha 7% tu juu ya gharama za proje kwa ajili ya biro, Wamarekani kwa wasio na makubaliano yao ya pekee walitoa 10%, wakapandisha 15% mwezi wa kumi 2024. Kwa hiyo proje ya gharama za dola 100 000 inaweza kuwaachia 7 000 za mwaka mzima, nyumba na sentineli na mafuta ya jenereta yote mule mule. Na kama muko chini ya ONG kubwa ulizeni mapema ile asilimia inashuka mpaka kwenu ao inabaki kwao, sisi tuliuliza tukiwa tumeisha kusaini.

Sasa ile miezi myekundu ilitutia woga, tukajibu apeli ya mbuzi. Mbuzi! Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua mbuzi. Tuliwanunua, tukangoja karatasi moja isainiwe huko juu, wiki mbili mvua inawapiga mu kizizi cha kukodi, wengi wakafa mbele ya kugawiwa. Wakati huo matanki yetu mawili yalikuwa yanavuja na hakuna aliyepanda kuyaangalia, juu gari ilikuwa ya mbuzi. Tangu pale apeli ikitoka nauliza kitu kimoja tu: hii kazi, watu tuko nao leo wanaijua ao tutaenda kuwatafuta? Kama ni kuwatafuta, naiacha, hata kama daftari ni nyekundu. Inauma, sidanganyi.

Kitu kizuri tulichofanya mwaka ule hakikuwa mu plan. Mama alishikilia pale pale kwamba mafundi wawili wa maji wabaki na nusu mushahara. Kordo alinung'unika miezi mitatu. Halafu 22 mei 2021 Nyiragongo ikalipuka, lava ikaharibu tanki kubwa na mabomba, watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji, na simu zikaanza kulia kwetu, juu wale wawili walijua kila kona. Nilikuja kusoma baadaye kwamba Henry Mintzberg, profesa wa Kanada, aliandika tangu 1978 kama stratejia ni ile njia unayoiona ukigeuka nyuma kutazama maamuzi yako. Nikacheka, Mama yetu alikuwa anaichora na bic.

Januari 2025 mnaikumbuka. Proje za Wamarekani zimesimamishwa, siku chache baadaye waasi wa M23 wanaingia mji, benki zinafunga. Waliokuwa na mfadhili mmoja tu walifunga mlango juma lile lile. Sisi tulikuwa tumeisha kukataa mfadhili yeyote kupita nusu ya budje, sheria ya Mama tena, tulimcheka alipoileta, na ilitubakishia watu wanne.

Ile daftari niko nayo. Februari 2025 ni nyekundu juu mpaka chini, na pembeni ameandika kwa mkono wake: sentineli, unga ya mahindi kilo 25.