Jibu: Mistari miwili ya PTBP2 kwenye jeli si uchafu

Habari ndugu. Umesema seli shina zako zikianza kugeuka kuwa neva, PTBP2 (jeni ya protini ya neva) inatoa mistari miwili kwenye jeli ya kutenganisha DNA kwa urefu, nawe unashuku uchafu. Kwanza pima tofauti ya urefu kati ya mistari hiyo: ikikaribia nyukleotidi (herufi za DNA) 34, hiyo ni eksoni ya 10, yaani kipande kimoja cha ujumbe wa jeni (mRNA). Kabla seli haijawa neva, protini ya PTBP1, ndugu ya PTBP2, huifanya eksoni hiyo irukwe, ujumbe unavurugika na seli inauharibu. Baadaye miR-124, RNA ndogo inayozuia ujumbe wa jeni nyingine, inaipunguza PTBP1, eksoni inaungwa ndani, na PTBP2 kamili inatengenezwa. Mstari wa juu ndio huo, na kukua kwake ni habari njema! Mimi jeli ya asilimia 1 ilinipotezea wiki nzima, mistari imeshikana kama mmoja. Ya asilimia 3 ndiyo iliyoitenganisha. Angalia pia praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) zikae eksoni ya 9 na ya 11.