Forester XT ya kilomita 240,000: anza na injini, rangi baadaye

Kaka, umeuliza kama Subaru Forester XT yako ya 2006, iliyofika kilomita 240,000, inafaa kufufuliwa ukae nayo miaka kumi zaidi. Inafaa, mradi bodi haijaliwa na kutu. Ila usianze na rangi wala rimu.

Kwanza mwambie fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya silinda zote nne. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, niambie kabla hujanunua kitu chochote.

Zikiwa sawa, nenda kwenye mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni. Hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu haujabadilishwa. Ukikatika, valvu hugonga pistoni. Badilisha pamoja na pampu ya maji na puli zake, maana kazi ya kufungua ni ileile.

Halafu turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Injini nyingi hizi zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti ya bomba la oili linaloilisha turbo. Kikiziba, turbo inakauka. Yangu ilianza na mluzi mwembamba kila nikikanyaga mafuta, nikadhani ni mkanda wa altaneta. Kichujio kilipotoka kilikuwa cheusi tii, mwanga haupenyi. Siku hizi nabadilisha oili kila kilomita 5,000 na napima kila nikijaza mafuta.

Matairi manne yawe saizi moja na yamelika sawasawa, la sivyo unaua mfumo unaogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Bushi na shokapu zitasubiri mshahara ujao.